Kidole cha Pete

Jumatatu, 3 Februari

Nimepewa mimi! Miaka kumi na mmoja nimekaa kiti cha pili cha filimbi kwenye okestra yetu, nasindikiza tu, mwenzangu anang'ara. Sasa mwenzangu amehama mji na mumewe, na leo mazoezini Kondakta kasema mbele ya watu wote: "Dada Miwani, sogea kiti cha kwanza." Kondakta tunamwita hivyo kwa kuwa ndiye anayetuongoza. Mwenyewe hutania kwamba hana basi wala tiketi.

Tarehe mosi Machi tuna onyesho, na ndani yake kuna kipande cha filimbi na okestra. Dakika tisa. Mwanzo mbio, katikati pole pole, mwisho mbio kuliko mwanzo. Kurasa za mbio ni nyeusi tii, kama sisimizi wamevamia sukari. Kasi ni mapigo mia na thelathini na nane kwa dakika. Kondakta kasema nisimpelekee mia na thelathini na saba. Nikajibu sawa. Kirahisi tu — sawa!

Mama nimemwambia nikiwa mlangoni, hata viatu sijavua. Kanishika mashavu yote mawili. Akauliza: nitasimama mbele, peke yangu? Mbele kabisa, Mama. Basi atakaa mstari wa tatu, kasema, maana mstari wa kwanza shingo inauma kwa kutazama juu. Mama haoni. Presha ya macho imechukua kila kitu, imemwachia mwanga na giza basi. Shingo itamuumaje, sijui. Nimeacha hivyohivyo.

Jumatano, 5 Februari

Kazini jozi ishirini na sita za miwani. Kusaga lenzi, kukata, kufunga kwenye fremu, kukaza skrubu ambazo ukipiga chafya umezipoteza. Mgongo unawaka. Miaka yote hii natengeneza macho ya watu, na ya Mama hakuna lenzi itakayoyafaa.

Nyumbani saa kumi na moja. Nimekula nikiwa nimesimama, kisha filimbi. Metronomu, kile kidude cha kuhesabu mapigo, nimeiweka kwenye sitini — mwendo wa mzee anayepanda ngazi. Tiki. Tiki. Ukurasa wa kwanza umepita. Wa pili pia, isipokuwa mstari wa nne. Hapo noti zinapanda na kushuka kwa pumzi moja, na kidole cha pete cha mkono wa kushoto kinatakiwa kifungue na kufunga mara kumi na nne. Nimehesabu. Nimeurudia mara arobaini. Hapo sikuhesabu, Mama ndiye aliyehesabu. Kaniambia kupitia ukutani: "Arobaini, mwanangu. Hata simu mbovu mtu haipigi mara arobaini." Yeye alikuwa opereta wa simu miaka thelathini, masikio yake hayasinzii.

Jumapili, 9 Februari

Metronomu imefika themanini na nane! Nimepuliza kwa saa nne nzima leo. Mdomo umekufa ganzi, chai imenimwagikia kidevuni kama mtoto.

Nesi wa ghorofa ya chini amegonga dari lake kwa fimbo ya deki. Anafanya zamu za usiku, mchana ndio usiku wake. Nimeshuka kuomba radhi. Amefungua mlango jicho moja limefumba. Kasema hachukii muziki, anachukia mstari mmoja. "Ule unaoanza halafu unaanguka. Nikiota, naota unaanguka." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 11 Februari

Kuna kitu. Sitaki kukiandika lakini nakiandika.

Kidole cha pete kinajikunja. Mimi sikikunji — kinajikunja chenyewe. Nikifika mstari wa nne, kinaingia ndani ya kiganja kama konokono aliyeguswa. Hakiumi hata kidogo. Kingeuma ningeelewa. Uchovu tu, nadhani. Nimekikanda kwa maji ya moto na mafuta. Kisha nikaendelea mpaka saa mbili.

Alhamisi, 13 Februari

Kazini nimefunga skrubu kumi na nane kwenye fremu za watoto, ndogo kuliko zote. Kidole shwari. Kimeshika, kimekaza, kimeachia. Bosi kapita akasema mkono wangu ni wa daktari wa upasuaji. Nimerudi nyumbani mbio kwa furaha, nimeunga filimbi, nimepuliza — kimejikunja mstari wa kwanza. Wa kwanza sasa! Zamani ilikuwa wa nne.

Kinanichezea, kidole mbwa hiki.

Nimekifunga plasta kisimame wima. Kikasimama, na cha kati kikajikunja badala yake.

Dawa ninayoijua mimi ni moja, ya tangu nikiwa na miaka tisa: kitu kikikushinda, kirudie. Nimerudia. Nimerudia mpaka Mama akaja kukaa kitandani kwangu, mikono mapajani. Nikamuuliza anataka nini. Hataki kitu, kasema. Anasikiliza tu ninavyochoka.

Jumatatu, 17 Februari

Aibu.

Mazoezi ya kwanza ya okestra nzima. Mwanzo nikaenda vizuri, kasi mia na kumi tu kwa leo, Kondakta kakubali. Tukafika ukurasa wa pili. Mstari wa nne. Kidole kikaingia ndani. Noti tatu zikapotea, kisha sita, kisha zote. Na nyuma yangu nikasikia filimbi nyingine ikichukua palepale, kwa kasi ileile, safi kama maji ya bomba — Cherehani! Ndiye aliyepanda kiti changu cha zamani. Binti wa miaka ishirini na miwili, anapokea simu kwenye kampuni ya teksi, na jina hilo tumempa kwa sababu ya vidole vyake. Amepiga mstari wote mpaka mwisho. Hana karatasi hiyo! Ameushika kwa kunisikia mimi nikiuharibu.

Watu wakapiga miguu sakafuni kumshangilia, wanacheka. Kondakta akacheka pia.

Nilimfuata kwenye korido. Nikamuuliza nani kamtuma. Akashtuka: "Dada, nilidhani umeishiwa pumzi, nikasema nikuokoe." Nikamwambia siku nikitaka kuokolewa nitapiga kelele. Alikuwa ameshika kifuko cha filimbi yake kwa mikono miwili, kama mtu anayesubiri kuadhibiwa. Nikaondoka. Ngazi zote nimeshuka najiona mrefu. Mtaani nikajiona mfupi.

Jumanne, 18 Februari

Sijagusa filimbi. Nimesema naumwa kichwa. Nimelala na viatu.

Jumatano, 19 Februari

Nesi wa chini ndiye aliyeniona. Tumekutana ngazini, anatoka zamu, mimi naenda kazini. Kauliza mbona jana kimya, kashindwa kulala kwa kimya! Sijui ilikuwaje, nikamwonyesha mkono. Nikamwonyesha jinsi kinavyofanya, nimeshika mwavuli kama filimbi. Kwenye mwavuli hakikujikunja. Nikaonekana mwongo.

Hakunicheka. Kasema hospitalini kwao kuna daktari wa mishipa ya fahamu, kesho yuko. Kaniandikia chumba nambari saba nyuma ya kadi ya chanjo. "Nenda na filimbi," kasema. "Usiende na mwavuli."

Alhamisi, 20 Februari

Nimekwenda na filimbi.

Daktari ni mama mtu mzima, miwani yake imelegea upande wa kushoto. Nimemkazia skrubu nikisubiri afungue faili, mkono umezoea. Kisha akaniambia nipige. Nimepiga pale, katikati ya kitanda cha wagonjwa na mzani. Kidole kikajikunja. Akasema tena. Kikajikunja. Akasema nipige kwa mwendo wa kumbembeleza mtoto. Kikatulia! Kikafungua na kufunga kwa adabu zake zote.

Akanieleza kwa mkono wake kwenye meza. Kidole hakina ugonjwa. Ubongo una kama ramani ya vidole, kila kimoja na kiwanja chake. Ukirudia jambo moja mno, kwa kasi, miaka na miaka, mipaka ya viwanja inafutika, na kidole kinapata amri ya jirani yake. Ndiyo maana skrubu naweza. Ile ni ramani nyingine.

Nikauliza nizidishe mazoezi kiasi gani.

Akavua miwani. "Mama, mazoezi ndiyo yaliyokuleta hapa. Kila unaporudia, unazidi kufuta."

Nikauliza, kwa hiyo? Nipumzishe mbio, kasema. Si wiki. Miezi, pengine mwaka, nifundishwe upya kidole kimoja kimoja. Wengine hurudi. Wengine hurudi nusu. Pole pole naweza kupiga nitakavyo, haina madhara.

Sikulia. Nilisema asante daktari, nikafungua filimbi vipande vitatu, nikaipangusa, nikairudisha kwenye kifuko. Nje watu wamekaa kwenye mabenchi na vyeti vyao. Hakuna aliyejua kwamba mtu aliyetoka chumba nambari saba ameambiwa bidii yake ndiyo iliyomla.

Nimechoka. Si mwili. Sijui ni nini kilichochoka.

Ijumaa, 21 Februari

Nimemwambia Kondakta kabla ya mazoezi, kwenye chumba cha viti vibovu. Kanisikiliza akikunja na kukunjua karatasi yake. Kasema ningemwambia mapema. Nikasema mapema nilikuwa sijui, kisha nilikuwa sitaki kujua. Akatikisa kichwa. Si mtu mbaya.

Nimemwomba kitu kimoja. Mbio apige Cherehani, ya katikati nipige mimi. Ni dakika mbili na nusu tu. Nazipiga vizuri, anajua.

Amekataa. Kasema mpigaji ni mmoja, watu hawaji kutazama mbio za kupokezana vijiti. Halafu kwa sauti ya chini: "Nikikuweka nusu, wataona ile nusu nyingine uliyoikosa. Nakuhifadhi, dada."

Nimerudi kiti changu cha pili. Kina joto la mwenyewe, nilidhani. Hakina. Ni plastiki tu.

Cherehani hakufurahi hata kidogo. Alipoambiwa apige kipande chote, alinitazama mimi badala ya Kondakta. Mwisho wa mazoezi nimemwomba radhi kwa maneno ya korido. Kasema yameshapita. Kisha, anakwaruza kucha: mbio anaziweza, ila ya katikati haijui. Anaipiga lakini haijui. Nimfundishe?

Jamani! Hata siku moja ya kuomboleza sijapewa. Nimemwambia Jumapili aje nyumbani.

Jumapili, 23 Februari

Amekuja saa nane na mkate mkononi. Mama alikuwa sebuleni na redio yake, nikamwambia kuna mwenzangu kaja kufanya mazoezi. Tukaingia chumbani kwangu, tukafunga mlango.

Kwanza ya katikati. Kweli haijui. Anaipiga kama anayesoma orodha ya abiria. Nikamwambia noti ndefu si mahali pa kupumzikia, ni mahali pa kukaa. Hakuelewa, na mimi sikujua niseme vipi. Nikachukua filimbi yangu nikapiga. Dakika mbili na nusu. Kidole kilikuwa kimya kama mgeni. Nilipomaliza alikuwa ameinamisha kichwa. "Mimi siwezi hivyo," kasema. Nikamwambia ataweza, apige mbio sasa, tujue pumzi inaingia wapi.

Akapiga. Mia na thelathini na nane. Ukurasa wa kwanza, wa pili, mstari wa nne umepita kama haupo! Nilisimama dirishani, mgongo kwake. Sikutaka anione.

Na kabla hajashusha filimbi — makofi kutoka sebuleni. Mama. Anapiga makofi, anaita kwa sauti ya juu: "Umefika! Mwanangu, leo umefika! Nilikwambia mimi!"

Cherehani kanitazama. Macho yamemtoka. Nilipaswa kufungua mlango na kusema. Lilikuwa neno moja tu. Nikasema: "Asante, Mama."

Binti wa watu alifunga kifuko chake bila sauti. Mlangoni alimuaga Mama, na Mama akamshika mkono, akamwambia ajifunze kwangu, nilivyosumbuka na mstari ule mpaka ukakubali. "Ndiyo, bibi," kasema Cherehani. "Najifunza."

Mkate haujaliwa.

Jumanne, 25 Februari

Mama amewaambia watu. Nesi wa chini, ambaye anajua kila kitu na hakusema kitu. Shangazi kwa simu. Mchungaji wa jirani. Wote waje mstari wa tatu. Leo kanitolea gauni la bluu, kalipapasa mishono yote kwa vidole kutafuta palipofumuka. Pamefumuka kwapani. Kanipa nishone.

Kazini jozi thelathini na moja. Moja nimeikata vibaya, kulia badala ya kushoto. Miaka tisa sijafanya kosa hilo.

Alhamisi, 27 Februari

Nimemwambia.

Alikuwa anamenya viazi. Nilianza na daktari, nikaja kwenye kidole, nikaja kwa Kondakta. Akawa anaendelea kumenya. Nikafika Jumapili. Kisu kikasimama.

"Yule aliyepiga mbio ni nani?"

Nikasema.

"Kwa hiyo umeniacha nimpigie makofi mtoto wa watu, nimwambie ajifunze kwako."

Nikasema ndiyo, Mama.

"Mbele yake."

Ndiyo.

Aliweka kisu chini. Nilitegemea atasema pole. Mtu akipata habari kama hizi za mwanawe husema pole, sivyo? Kasema amezoea kudanganywa na watu wanaodhani asiyeona hasikii — madukani, ofisini, kwenye ngazi. Ila humu ndani ya nyumba hakutegemea. Kisha akakung'uta maganda yaliyomjaa mapajani.

"Na ile ya katikati? Nayo ilikuwa yake?"

Yangu, Mama.

Akaokota kiazi kingine. Tumekula bila neno, kijiko na sahani tu.

Ijumaa, 28 Februari

Mama bado hasemi nami. Anasema na redio.

Mazoezi ya mwisho. Cherehani kapiga mbio, wote wamesimama kumshangilia, mimi pia nimesimama. Ya katikati kaipiga safi, bila kosa, na mwenye zeze kubwa mbele yangu akatazama saa yake.

Jumamosi, 1 Machi

Onyesho ni saa kumi alasiri. Naandika nikiwa chumba cha nyuma ya jukwaa, kwenye kiti cha kukunja. Sehemu ya kwanza imekwisha, ni mapumziko. Kipande cha filimbi ndicho kinachofuata.

Asubuhi nilijua Mama haji. Saa nane akatoka chumbani amevaa, hereni masikioni, fimbo mkononi. Nikasema, Mama, sipigi mimi, nitakuwa kiti cha pili. Kasema anajua, hajasahau, ni macho yaliyoharibika. Amekwishawaalika watu, awaambie nini? "Na kiti cha pili nacho kinapuliza, au kimewekwa pambo?" Tumetembea ameshika kiwiko changu. Kwa nguvu kidogo. Nguvu zake za kawaida.

Yuko mstari wa tatu, nimemchungulia kupitia pazia. Nesi kakaa kulia kwake, kashangaza watu kwa kuwa macho mchana.

Sasa hili. Dakika tano zilizopita Cherehani kaniita huku pembeni. Amevaa nyeupe, jasho juu ya mdomo. Nikadhani ni woga, nikaanza kumwambia avute pumzi. Akanikatiza. Kasema haogopi. Kasema amefikiri tangu Jumapili na amekwishaamua: mwanzo atapiga yeye na mwisho atapiga yeye. Ikifika katikati atashusha filimbi.

Sikumwelewa. Atashusha vipi?

"Nitashusha mkono hivi, dada. Nitanyamaza. Wewe utakuwa umekaa hatua mbili nyuma yangu, karatasi unaijua. Ukipuliza, kutakuwa na muziki. Usipopuliza, okestra itashikilia noti moja mpaka Kondakta azeeke."

Nikamwambia ana wazimu. Kondakta atatufukuza wote wawili. Kasema yeye ana miaka ishirini na miwili, atatafuta okestra nyingine. Nikamwambia mimi nina arobaini na mmoja! Kasema ndiyo, ndiyo maana.

Nikamwambia nitamsemea kwa Kondakta sasa hivi. Kasema nenda, yuko kule anakunywa maji. Kisha akaondoka kwenda kujitazama kwenye kioo, kana kwamba tumezungumzia bei ya nyanya.

Kondakta namwona kutoka hapa. Hatua kumi. Chupa yake ya maji imebaki robo. Ningekwenda na kumwambia, ingechukua nusu dakika. Amenihifadhi, alisema. Pengine ni kweli. Pengine nikipuliza watasema, kumbe huyu ndiye aliyeshindwa na zile nyingine. Na watakuwa wamesema kweli.

Sina nguvu ya kugombana na mtu leo. Wala Kondakta, wala huyu mtoto, wala kidole.

Kengele ya kwanza. Watu wanarudi vitini, nasikia viti.

Kondakta kafunga kizibo cha chupa. Anarekebisha kola. Kanitazama, kanitabasamia kwa huruma, mimi nikainama kuandika.

Mwandiko wangu umekuwa mbaya, naona sasa kwa nini. Naandika kwa mkono mmoja, daftari linateleza gotini. Filimbi nimeibana kwapani, palepale niliposhona — naipasha moto, maana filimbi ya baridi sauti yake hushuka. Sijui nimeiweka saa ngapi. Kiti cha pili hatupashi moto, hatuna noti yoyote mpaka ukurasa wa nane.

Kengele ya pili. Cherehani amekwishatoka, makofi yameanza. Mwenye zeze ananipungia, dada haya, dada twende —